Aliyemo Majini Haliliwi

Dorotea wa Majengo hauzi dagaa. Atakuuzia karanga, choroko, asali ya Inyonga kwenye chupa za maji, hata mkaa ukimkuta siku mkaa upo. Lakini kitu kilichotoka ziwani hakikai kwenye meza yake pale sokoni Kashaulili, wala hakiingii jikoni kwake. Wageni hushangaa: samaki wa migebuka wanashushwa asubuhi na barafu yao, na mtu mzima anawapita kama anapita mzoga! Waliomzoea hawaulizi. Alizaliwa Karema, ziwa likiwa mlangoni, na ziwa hilohilo likamchukulia mume.

Mume aliitwa Makarius. Alikuwa ananunua mpunga, anaukoboa, kisha anavusha mchele kwenda Kongo kwa boti za mbao. Safari yake ya mwisho, Gelasius, mtoto wao mmoja, alikuwa bado wa mgongoni. Boti haikufika hata mbali. Wanawake waliokuwa wanafua waliiona inalala ubavu, kama ng'ombe aliyechoka, halafu haikuonekana. Waliojua kuogelea walitoka. Makarius hakutoka. Dorotea alikaa mchangani akalia mpaka sauti ikakauka, ikabaki pumzi tu, na bibi yake mzaa mama akaja kumshika bega.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Aliyemo majini haliliwi. Maji yakisikia kilio yanajua kumbe huyu ni wa thamani, basi yanamkumbatia. Ngoja atoke, ndiyo umlilie."

Hayo yalikuwa maneno ya bibi, na bibi aliyapokea kwa bibi yake. Lakini Dorotea alikuwa msichana tu, ana maziwa kifuani na mtoto mgongoni. Angenyamazaje? Alilia. Ziwa likatema magunia ya mchele yamevimba. Likatema ndala moja, ya mguu wa kushoto. Makarius halikumtema. Bibi hakumlaumu hata siku moja. Alimtazama mara moja tu, na yale macho Dorotea anayo mpaka leo.

Ndiyo sababu alihamia Mpanda, mji ambao maji mengi kuliko yote ni ya pipa. Akamlea mwanawe kwa karanga. Gelasius akakua mrefu kama baba yake, akamaliza la saba, akabeba zege, akapiga matofali, mwisho akapita mafunzo ya mgambo akawa mtu wa jeshi la akiba. Usiku analinda maduka, mchana analala. Mama yake alimnyooshea zile nguo kwa pasi ya mkaa, mikunjo ikasimama kama makali ya panga, na alipopita Majengo watu walisema, "Yule wa Dorotea yule." Hilo lilimtosha.

Sasa, jioni moja mwaka huu, Gelasius alikula, akanawa, kisha akanawa tena. Mama yake akajua kuna neno.

"Mama, kuna zoezi. Wamechagua watu wa akiba wachache. Mimi nimo."

"Zoezi la wapi?"

"Huku huku tu, mkoani."

"Mkoa una majina, Gelasi."

"Karema."

Ungo ukasimama mikononi mwa Dorotea.

"Mnaenda kufanya nini Karema?"

"Kuna wakufunzi wanatoka Dar. Wanakuja na mitungi ya hewa, unavaa mgongoni, unapumua chini ya maji. Wanatufundisha kuzamia."

"Kuzama kunafundishwa? Baba yako alifundishwa na nani?"

"Si kuzama, mama. Kuzamia. Unashuka kwa akili yako, unapanda kwa akili yako."

"Baba yako naye alikuwa na akili zake."

Gelasius akafuta mikono kwenye shati. Halafu akasema, taratibu, kwamba boti ikipinduka huku, watu wanakaa ufukweni wanangoja wazamiaji watoke mbali. Wakifika, wa kuokolewa hayupo tena, na wa kuzikwa hajulikani alipo. Wakipatikana vijana wa hapahapa wanaojua kushuka, mtu atatolewa, kama si mzima basi hata mwili.

Dorotea alikuwa na maneno mengi ya kujibu. Lakini maneno yote yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ule mchanga, na yeye alikuwa amekaa. Akaendelea kupepeta.

Siku ya kuondoka alimsindikiza mpaka kwenye lori, na mfuko wa karanga za kukaanga. Rafiki wa Gelasius, kijana wa Kawajense anaitwa Maiko, Msukuma mwenye maneno mengi, naye alikuwa amechaguliwa. Dorotea akamvuta pembeni.

"Wewe Maiko, huyu wangu hasemi. Wewe unasema hata usipoulizwa. Likitokea jambo lolote, nipigie."

"Mama Gelasi, mimi ndiye redio yako! Habari utazipata zikiwa za moto."

Kumbe huko kambini simu zilikusanywa zote, zikatiwa kwenye ndoo ya afande. Zote isipokuwa moja.

Simu iliingia Dorotea akiwa mezani kwake, anampimia mtu choroko. Upepo ulikuwa mwingi upande wa pili, na sauti ilikuja vipande vipande, ya mtu anayepiga kelele.

"Mama Gelasi! ... Ni Maiko! ... Gelasi leo kazama! ... Kazama mpaka chini! ... Afande mwenyewe ... kashika kichwa ... hajawahi kuona ..."

Kisha upepo mtupu. Kisha ikakatika.

Dorotea akapiga. Akajibiwa na yule dada wa kwenye simu, mwenye sauti tamu, ambaye inaelekea hajawahi kufiwa: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Yule dada akarudia vilevile, bila kuchoka. Aliyekuwa ananunua choroko akauliza, "Mama, vipi?" Dorotea akamwambia, "Chukua, nenda tu." Akafunika karanga kwa gunia, akatembea mpaka Majengo, na njiani alisalimia watu wote waliomsalimia.

Jirani yake Mariana alikuwa anateka maji. Dorotea akamwambia, kwa sauti ya chini, "Maiko kapiga. Gelasi kazama."

Mariana akaachia ndoo. Mama huyo amezaliwa kwenye zizi, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga, na sauti hiyo yote aliitoa.

"Usilie!" Dorotea akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. "Mariana, usilie, bado yumo majini!"

Lakini ilishatoka. Majengo nzima ilisikia. Kabla jua halijafika utosini watu walishajaa uani, turubai likasimama, viti vya kukodi vikaja. Kila mwenye simu alipiga Karema, na kila mmoja alikutana na yule dada. Mwisho mtu mmoja akampata mjomba wake, anayekaa karibu na bandari. Yule mjomba akasema ndiyo, ameona watu wengi ufukweni, wanajeshi wamesimama kwenye maji, na kuna mtu walikuwa wanamvuta kwa kamba. Alikuwa mzima? Hakujua. Alikuwa mbali, na alikuwa anawahi shambani.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Shemeji yake Dorotea, Severini, mdogo wake marehemu Makarius, ni fundi baiskeli na ni mtu wa kupenda kushika usukani wa mambo ya watu. Alifika, akavua kofia, akauliza maswali mawili, kisha akaondoka kwenda kwa seremala. Alirudi jioni.

"Shemeji, jeneza linapigwa misumari sasa hivi. Alfajiri napanda pikapu naenda kumleta."

"Hujamwona, Severini. Umempima kwa nini?"

"Nimejipima mwenyewe. Gelasi ananizidi kidogo, nimewaambia waongeze kiganja."

"Usiende na jeneza. Nenda na blanketi."

"Shemeji, huko Karema, na mvua hii, na maiti imetoka majini, nani atanichongea? Tuwe wakweli."

Alisema kwa upole. Dorotea alijua kwamba Severini alikosea kuchonga, na alijua kwamba mtu mwenye akili angechonga. Vyote viwili vilikuwa kweli, na yeye alikuwa katikati kama karanga kwenye kinu.

Basi alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, na hakulia. Usidhani ni ujasiri. Kilio kilikuwa kimemjaa mpaka kwenye meno. Lakini katika mambo yote ya duniani, hilo moja tu ndilo aliloachiwa: hakuweza kwenda Karema kwa miguu, hakuweza kupigia simu ziwa, hakuweza kumvuta mtu kwa kamba. Aliweza kutolia. Na kazi hiyo ilimlemea kuliko jembe.

Wanawake walinong'ona.

"Moyo wa jiwe huyu."

"Mwache. Mwingine uchungu unamganda."

Mariana akamsogelea, macho yamevimba. "Mayo, mama yangu, lia. Utapasuka."

"Nikilia halitamtoa."

"Nani halitamtoa?"

"Ziwa."

Mariana akawatazama wenzake, akagusa kichwa chake kwa kidole, kidogo tu. Ndipo wakamleta katekista, mzee wa watu, mpole, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, kulia si dhambi. Hata Bwana Yesu alilia alipofika kwa Lazaro."

"Lazaro hakuwa majini," Dorotea akasema.

Katekista akainuka, akaenda kutafuta kiti.

Jikoni walikuwa wanapika chakula cha waombolezaji, na waombolezaji hawapikiwi karanga. Harufu ya dagaa ikatoka kwenye mlango wake mwenyewe, ikapita juu ya mkeka, ikamkuta. Miaka yote aliyoukinga ule mlango! Siku nyingine angeinuka amwage sufuria na mwenye sufuria. Siku hiyo aliiacha harufu ipite. Aliona ziwa limeshaingia ndani, limekaa, limepewa na mwiko.

Severini aliondoka alfajiri na pikapu, kwa njia ya Kabungu. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ile ukiijua unaiogopa. Siku nzima watu waliimba nyimbo za misa, wakanyamaza, wakaimba tena. Dorotea aliweka simu mapajani. Kila ilipowaka ilikuwa kampuni ya simu inamwambia anunue muda wa maongezi.

Mchana ulikuwa umeshalegea pikapu iliposikika inapanda kutoka barabara kubwa. Watu wakasimama. Kwanza wakaona matope, maana gari lote lilikuwa rangi moja. Halafu wakaona jeneza, limelala nyuma, refu, mbao mpya bado nyeupe. Na yowe likapanda pale Majengo, la wanawake wote kwa pamoja, na wanaume wakavua kofia. Dorotea naye akainuka. Kwa kuwa amekuja ndani ya sanduku, basi ametoka majini, ziwa limemwachia, sasa ameruhusiwa. Akafungua mdomo.

Ndipo akamwona mtu amekaa nyuma kule, mikono miwili ameshikilia jeneza lisirukeruke kwenye mashimo. Nguo za mgambo, matope mpaka kwenye nyusi. Mrefu.

Yowe likakatika kama lilivyoanza. Viti viwili vitatu vikaanguka. Mariana alikuwa wa kwanza kukimbia, na unene wake wote, na baadaye alikana kabisa. Gelasius akaruka chini, akatazama turubai, akatazama masufuria, akatazama watu wanaorudi nyuma.

"Nyie, mnanikimbia nini? Mama, shikamoo."

Mama yake hakuitika marahaba. Alimshika kichwa, akaingiza vidole kwenye nywele, akazifinya kama mtu anayekamua nguo.

"Umetoka?"

"Nimetoka wapi, mama?"

"Majini! Nakuuliza, umetoka?"

"Nimetoka. Nipo hapa."

Basi Dorotea akalia. Alilia kile kilio cha jana na cha leo, na kingine cha zamani kilichokuwa chini yake. Akalia amesimama, mpaka mwanawe akamketisha kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe. Watu hawakuelewa. Jana walimbembeleza alie, leo wanambembeleza anyamaze. "Mama Gelasi, mbona mtoto ni mzima? Nyamaza, ni furaha hii!" Akaendelea kulia. Mwanawe ametoka majini, anaruhusiwa.

Habari yenyewe Gelasius aliieleza akila. Siku ile alikuwa wa kwanza katika kundi lao kushuka mpaka chini kabisa bila kuhangaika, na afande alishika kichwa kwa kushangaa mtu wa bara anayetulia vile. Maiko akatoroka kwenda mlimani na ile simu aliyoificha kwenye kiatu, ampelekee mama habari za moto. Alikamatwa akiwa bado anapiga kelele, na mpaka Severini anafika alikuwa anarukishwa kichura. Ile kamba aliyoiona mjomba wa mtu ndiyo kamba ya kufundishia. Severini naye alijaribu kupiga simu njia nzima, akakutana na yule dada.

"Na Maiko ameapa," Gelasius akasema, "amekula kiapo mbele ya jeneza langu, kwamba alisema kazamia."

"Mimi nilisikia kazama."

"Anasema labda upepo ulichukua ile i."

"Basi ni i hiyo iliyonipeleka kwa seremala," Severini akasema, na watu wakacheka, cheko la watu waliochoka. Dorotea hakucheka.

Watu walipopungua, alimsogelea mwanawe.

"Kule chini kukoje?"

Gelasius akafikiri. "Kwanza kijani, mama. Halafu giza. Halafu unakuta mchanga. Kimya."

"Kimya?"

"Kimya kabisa. Unasikia pumzi yako tu."

"Na mtu akilia juu huku, ufukweni, unasikia?"

"Husikii. Afande alituita kutoka kwenye boti kwa sauti yake yote, hatukusikia hata neno."

Dorotea akakaa na hilo. Hata sauti moja haikufika, basi. Hakujua kama amefunguliwa mzigo au ameongezewa, kwa sababu kama maji hayakusikia, hata Makarius hakusikia.

"Usirudi," akasema.

"Nimepewa leo tu, mama, nije nikuonyeshe uso. Kesho narudi."

"Nakuomba. Mimi mama yako nakuomba."

Gelasius akaweka sahani chini. "Siku ile ya baba, kama angekuwepo mtu wa kumwambia shuka umlete, usingemtuma?"

Angemtuma. Angemtuma mtoto wa mwanamke yeyote. Hilo hakulisema, lakini alitazama pembeni, na mwanawe akawa amejibiwa.

Likabaki suala la neno. Dorotea alikataa katakata kusikia tena kuzama wala kuzamia, kwenye simu wala kwa mdomo. Wakakubaliana kwamba kila siku zoezi likiisha atamwomba afande simu apige mara moja, na atasema nimeoga. Basi. Nimeoga, kama mtu yeyote aliyetoka bafuni.

Jeneza lilikataliwa na seremala. "Likishatoka hapa halirudi, mama, hata kama limerudi tupu." Mariana alishauri lipasuliwe kuni, hakuna aliyetaka kuota moto wake. Severini amelisimamisha kwenye stoo yake, nyuma ya fremu za baiskeli, na gunia juu. Dorotea hajaingia kulitazama. Hana haja. Anajua lipo, na anajua limeongezwa kiganja.

Sasa ukipita Kashaulili utamkuta mezani, na simu ameiweka juu ya karanga zenyewe, uso wake juu, mahali mtandao haupotei sana. Mchana anauza kama kawaida. Jua likianza kuegemea, mkono unakuwa mzito. Ukimwomba choroko anakupimia karanga, na usimkasirikie. Juzi simu ilichelewa. Mama wa nyanya akafunga, mwenye vitunguu akafunga, mfagiaji akafika mpaka miguuni pake. Ilipolia aliiacha ilie kidogo kabla ya kuishika.

"Mama, nimeoga."

Upepo ukapita kati yao, ukakaa. Dorotea akaibana simu sikioni.

"Umejikausha?"

Hakusikia kitu. Akasubiri, kwa sababu hilo ndilo analolijua.

"Gelasi! Umejikausha?"

"Nimejikausha, mama. Nakula."

"Na kesho?"

"Kesho tunaoga tena. Panapozidi hapa kwa kina."

Alitaka kusema jambo. Mfagiaji alikuwa amesimama, ameegemea ufagio, anamngoja atoe miguu.

"Haya, mwanangu," akasema, akatoa miguu.